Ghala la Nabii Yusuf na Kura Zetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wakaao Mwingi, katika Ukambani, wametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wetu wote wa miji ya pwani, kwani latuhusu sisi kama liwahusuvyo wao. Wasema: kila ufikapo uchaguzi hutokea mtu aliyegawa unga wakati wa njaa, akaleta maji kwa lori wakati wa ukame, akasaidia katika mazishi. Hutokea na mtu mwingine, asemaye habari za maabara, akiba ya dawa, chanjo na wauguzi. Yaani habari za maradhi ambayo hayajafika. Watu wengi humfuata yule wa kwanza na kumcheka wa pili. Tena husema kwamba kura ni mambo ya dunia, na dini haina neno ndani yake. Je, ni kweli?

Jawabu letu ni kwamba si kweli, na sababu zetu ni hizi zifuatazo.

Kwanza, kura ni amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat an-Nisaa tuzifikishe amana kwa wenyewe, na tuhukumupo baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Mwenye kupiga kura hajichagulii nafsi yake peke yake. Amchagulia jirani yake, na mgonjwa aliyelala kitandani, na mtoto ambaye hajafikia umri wa kupiga kura, na hata yule aliyemo bado tumboni mwa mamaye. Akiiuza kura hiyo kwa kibaba cha unga au kwa noti moja, hakuuza kilicho chake. Ameuza haki ya watu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea.

Hayo ni wazi, wala hapana haja ya kuyarefusha. Lakini twataka kusema khasa na watu wengine, ambao ni wengi zaidi na ni wema zaidi: wale wasiopokea senti ya mtu, wasimamao kwenye foleni tangu alfajiri kwa nia njema, na ambao hata hivyo huchagua kwa kutazama jana tu. Mikono yao ni safi, lakini hawatazami mbali. Hawa ndio tuwakusudiao katika mawaidha haya.

Na tukirejee kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie. Kisa hiki chasomwa katika majumba yetu yote, na wengi hukipenda kwa habari za ndugu zake, na kisima, na mke wa mheshimiwa wa Misri. Ni wachache wakisomao kwa habari ya ghala; na ghala ndilo lililookoa umma mzima. Mfalme aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na mashuke saba mabichi, na mengine makavu. Yusuf hakuishia katika kuifasiri ndoto, bali alitoa shauri. Aliwaambia walime kwa bidii miaka saba, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake, ila kichache cha kula. Kwani baadaye ingekuja miaka saba ya shida itakayokula akiba yote, na baada yake mwaka wa mvua.

Tufanye hesabu. Saba na saba na mmoja ni miaka 15. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaweka uchaguzi mkuu kila mwaka wa tano. Lau Yusuf angalikuwa gavana wa kaunti katika zama zetu, akachaguliwa mwanzo wa miaka ya neema, angalirudi kwa wapiga kura katika mwaka wa tano, mashamba yangali yamejaa. Angalikuwa na nini cha kuwaonyesha? Maghala yaliyofungwa. Mshindani wake angalisimama uwanjani akasema: Mtu huyu awanyima chakula na chakula kipo, nipeni mimi kura zenu, nami nitayafungua maghala siku ya kwanza. Tuulizane kwa haki: ni wangapi kati yetu wasingalipiga makofi?

Basi maghala yangalifunguliwa, na watu wangalikula na kusaza. Mwaka wa nane mvua ingalikatika. Mshindani yule angaliomba msaada ng'ambo, angaligawa magunia mbele ya wapiga picha, na watu wangalimwita mwenye huruma. Na mwaka wa kumi wangalimrudisha katika kiti chake. Yule aliyetaka kuizuia njaa ameondolewa, na yule aliyeifungulia mlango ameshukuriwa kwa kugawa uji.

Tena Katiba hiyo hiyo hairuhusu gavana kushika kazi zaidi ya vipindi viwili, navyo ni miaka 10. Kazi ya Yusuf ilitaka 15. Kwa hivyo haitoshi kumpata gavana mwema mmoja. Ni lazima awepo mtu akaaye pale gavana aondokapo, alijuaye ghala limewekewa nini na kwa nini, amwambiaye kila ajaye: hili halifunguliwi. Mtu huyo ni mpiga kura. Yeye peke yake ndiye asiyewekewa ukomo wa vipindi.

Wasomaji wetu wasidhani twapiga mifano ya Misri kwa kukosa ya kwetu. Ukambani kwenyewe kuna mfano ambao kila mwenye akili yampasa aufikiri. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, watu 20 waliugua ini baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu, na 12 kati yao wakafa. Madaktari wakachunguza, wakaijua sumu yenyewe, ndiyo iitwayo sumukuvu, na habari zake zikaandikwa. Makueni wakati huo ilikuwa ni sehemu ya Machakos; ilitengwa kuwa wilaya mbali mwaka 1992. Tangu msiba huo hadi mwaka 2004 Kenya ilifanya chaguzi kuu tano: 1983, 1988, 1992, 1997 na 2002. Mwaka 2004 sumu ile ile ikarudi, khasa Makueni na Kitui. Hadi Julai mwaka huo waliojulikana kuugua walikuwa 317, na waliokufa walikuwa 125. Mahindi yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba yangali na unyevu.

Sumukuvu haiambukizi, mtu hampi mwenziwe. Lakini tumeitaja kwa kuwa yatuonyesha jambo letu waziwazi. Onyo lilikuja mapema, kinga yake ilikuwa rahisi, na miaka 23 ikapita. Kilichotakiwa ni maturubai ya kuanikia, maghala makavu yaliyoinuliwa juu ya ardhi, kipimo cha unyevu sokoni, na maabara ya karibu. Nabii Yusuf alipoagiza nafaka iachwe katika mashuke yake alikuwa akifundisha jambo hilo hilo, kwamba kuweka akiba ni elimu. Katika chaguzi zile tano, ni katika mkutano gani mwananchi alisimama akamwuliza mgombea habari ya kukausha mahindi? Na msiba ulipokwisha kuingia, Serikali ikaleta mahindi mengine badala ya yale mabovu. Na magunia hayo yalionekana na kila mtu.

Sasa tuifuate barabara. Mwingi iko katika njia kuu itokayo Nairobi kwenda Garissa, ipitwayo na wafugaji, wenye malori na wafanyi biashara, na wengi wao ni ndugu zetu katika dini. Mwisho wa mwaka 1997, mvua kubwa za El Niño zilipofurika, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa na pande zake. Homa hii huanza kwa mifugo, ikaharibu mimba za ng'ombe, kondoo na mbuzi. Kisha humwingia mwanadamu kwa damu ya mnyama mgonjwa na kwa kuumwa na mbu. Miaka tisa baadaye mvua kama zile zikarudi. Safari hiyo wataalamu waliokuwa wakiitazama nchi kwa vyombo vya angani walitoa onyo wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kujulikana. Onyo lilifika, lakini chanjo ya mifugo haikuanza ila baada ya watu kwisha kufa. Baina ya Novemba 2006 na Machi 2007 waliugua Kenya watu 684, wakafa 155, na ugonjwa ukafika hata Tana River na Kilifi. Masoko ya mifugo yakafungwa, na aliyekuwa akila kwa kuchinja, au kwa kuuza maziwa, akakaa nyumbani mikono mitupu.

Nasi watu wa pwani tusijione tumesalimika. Bandari ni mlango, na mlango hupitisha kheri na shari. Homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 iliingia nchi hii kwa bandari ya Mombasa. Na habari za mwaka 2020 kila mmoja wetu azijua. Tarehe 13 Machi alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona, misikiti ikafungwa, tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikazuiliwa watu kuingia na kutoka, na mwezi wa Mei ukazuiliwa Mji wa Kale peke yake. Tarawehe za mwaka ule tuliziswali majumbani. Kwa hesabu ya Serikali waliokufa nchini kwa maradhi hayo walizidi 5,600. Kisha tarehe 9 Agosti 2022, kabla haijatimia miaka miwili na nusu tangu siku ile ya Machi, tukasimama kwenye foleni za kura. Ewe msomaji, kumbuka mikutano uliyohudhuria mwaka ule. Ni mgombea gani aliyeulizwa: likija janga jingine, umetuwekea nini?

Na kwa nini watu wawe hivyo? Sababu ni kwamba aliyeokolewa na msiba usiotokea hajui kwamba ameokolewa. Tazama habari ya Uganda. Nchi hiyo ilikuwa imefundishwa na Ebola ya mwaka 2000, iliyoua watu 224 baada ya kuzuka Gulu. Maradhi hayo yalipozuka mashariki ya Kongo mwaka 2018, Uganda haikungoja. Iliwachanja waganga na wauguzi wapatao 4,700, ikaweka watu wa kuwapima wasafiri mipakani, na maabara yake ya Entebbe ilikuwa tayari. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano akaingia Kasese akitoka Kongo, hali ni mgonjwa. Alikufa yeye na jamaa zake wawili, na ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Ng'ambo ya mpaka, hadi janga lile lilipotangazwa kwisha mwaka 2020, walikuwa wamekufa watu 2,287. Malori hutoka Mombasa kwenda Kampala na kurudi kila siku. Lau Ebola ingalienea Kampala, ingaliweza kufika kwetu kwa njia hiyo. Nani katika sisi alimwombea dua muuguzi wa Kasese?

Hata Kitui kwenyewe kulikuwa na mfano mwema. Kaunti hiyo ilikuwa na kiwanda chake cha kushona nguo, KICOTEC, huko Syongila. Mwaka 2020, nchi zote ziliponyang'anyana barakoa katika masoko ya dunia, mafundi wa kiwanda hicho waligeukia kushona barakoa. Vyerehani na mafundi vilikuwapo kabla ya maradhi, na hiyo ndiyo maana ya kujiandaa.

Wala tusidhani kwamba kutotazama mbali ni maradhi ya asiyesoma au ya Mwafrika. Mwaka 2009 wataalamu wawili wa Marekani, Andrew Healy na Neil Malhotra, walitoa uchunguzi wao juu ya kura na misiba ya nchi yao. Waliona kwamba wapiga kura huwalipa watawala kwa fedha za msaada zitolewazo baada ya msiba, wala hawawalipi kwa fedha za kujiandaa. Ilhali kwa hesabu yao dola moja ya kujiandaa huokoa kama dola 15 za hasara ya baadaye. Hii ni tabia ya mwanadamu, na Mwenyezi Mungu ameisema katika Surat al-Qiyama, kwamba watu hupenda cha papo kwa papo wakaiacha Akhera. Mwenye kuzoea kuisahau kesho ya dunia, anayoijua kwa macho, ataikumbukaje kesho ile asiyoiona?

Hapa huja watu na hoja zao, na yatupasa tuzijibu.

Wako wasemao kwamba maradhi ni kadari ya Mungu, na kuyajiandalia ni upungufu wa tawakkul. Hawa na wamsome Sayyidna Umar. Alipokuwa akienda Sham, katika tauni ya Amwas, ya mwaka wa 18 wa Hijra (639), alifika Sargh akaambiwa kwamba maradhi yameingia nchini. Hakuendelea kwa ujasiri wa kijinga. Aliwataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureishi, akaazimia kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama yuakimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba wakimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Auf akawaletea hadithi ya Mtume, kwamba tusiingie katika nchi yenye tauni, wala tusitoke kuikimbia iliyotukuta ndani yake. Tena Amr bin al-As aliposhika uongozi aliwatawanya watu milimani, na tauni ikaondoka. Ikiwa hao ndio waliokosa tawakkul, basi ni nani aliyekuwa nayo?

Wako wengine wasemao: mwenye njaa ya leo hawezi kungoja maabara ya kesho. Hoja hii ni nzito zaidi, na asiyewahi kulala na njaa asiidharau. Nchi ya Mwingi ni kavu, na mvua zake zikikosa, watu huumia kweli. Sisi hatusemi mtu akatae unga. Unga wa msaada ni kodi yake mwenyewe na haki yake iliyomrudia, au ni sadaka. Na mwenye haki halipi kwa kura, wala sadaka haitakiwi malipo. Na apokee, ale, awalishe wanawe, amshukuru Mungu. Kisha siku ya kura achague kama mtu asiyedaiwa. Tena aulize: kwa nini njaa hii hutukuta mikono mitupu kila ijapo, na hali twaijua kama tuijuavyo kaskazi na kusi?

Na wako wasemao: hata hao wasemao habari za kujiandaa ni waongo, na fedha za maradhi huliwa. Ni kweli kwamba ununuzi wa vifaa vya Korona wa mwaka 2020 ulichunguzwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Bunge. Lakini dawa ya khiyana ni kuuliza zaidi. Ghala lisilokaguliwa huliwa na panya, awe ameliweka nani.

Basi tuulize nini? Tangu mwaka 2013 hospitali za wilaya na zahanati zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Makadirio ya fedha za kaunti, kwa sheria, yatakiwa yafikishwe katika Baraza la Kaunti kabla ya kwisha tarehe 30 Aprili ya kila mwaka, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni yake. Mikutano hiyo mara nyingi huwa na viti vitupu. Twawasihi ndugu zetu wa Mwingi, na wa Mombasa, Malindi, Lamu na kwingineko, waende na maswali haya.

Mgonjwa wa homa isiyojulikana akipatikana leo katika hospitali yetu, damu yake hupelekwa wapi kuchunguzwa, na jawabu hurudi baada ya siku ngapi? Akiba ya dawa, glavu na oksijeni yatosha miezi mingapi? Pana chumba cha kumtenga mgonjwa wa kuambukiza, au hulazwa pamoja na wazazi na watoto? Wauguzi wangapi wana kazi ya kudumu, na wangapi ni wa mkataba wa kupita? Waliokumbuka mgomo wa madaktari wa siku 100, uliokwisha Machi 2017, wajua kwamba jengo lisilo na daktari ni kuta tu. Na daktari wa mifugo yuko wapi, aijue mimba ya mbuzi iliyoharibika kabla haijawa msiba wa binadamu?

Haya ni maswali madogo, na mtoto wa madarasa aweza kuyaandika. Akijibiwa na mgombea, yaandikwe majibu yake na tarehe yake; na mwaka wa pili, na wa tatu, asomewe. Imamu hatuwaambii awataje wagombea juu ya mimbari, kwani mimbari si uwanja wa vyama. Lakini apasa kuwafundisha watu kwamba amana yaulizwa, na kwamba mwenye kuchagua ataulizwa juu ya alichokitazama alipochagua. Kadhalika wanawake wetu wasiachwe nje ya jambo hili, kwani wao ndio wakeshao na mgonjwa, na wao ndio wa kwanza kujua kwamba zahanati haina dawa.

Kwa hivyo jawabu letu kwa ndugu zetu wa Mwingi ni hili. Yule aliyegawa unga mshukuruni kwa unga wake, lakini msimpe kwa ajili hiyo peke yake mambo ya miaka mitano. Yule asemaye habari za maabara msimcheke, wala msimwamini bure. Mwulizeni fedha zitatoka wapi, na kazi itaanza mwaka gani. Mkiona amejibu kwa ukweli, mchagueni, hata kama hakuwapa kitu. Na akitenda alichoahidi, na miaka mitano ikapita salama pasipo msiba, msiseme kwamba hakufanya jambo. Hapo ndipo mtakapotakiwa khasa kumkumbuka, kwa kuwa hapatakuwa na gunia wala picha ya kuwakumbusha.

Mwenyezi Mungu ameiamrisha kila nafsi, katika Surat al-Hashr, itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Twamwomba atujaalie kuwa miongoni mwa watazamao, awarehemu waliokufa katika misiba tuliyoitaja, awalipe kheri wauguzi waliokaa na wagonjwa wakati wengine walipokimbia, na atukinge na balaa tuijuayo na tusiyoijua. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.